Mashine Ndani ya Mashine: Inapogoma, Kitu Kisifutwe

Haistaajabishi tena siku hizi kukuta, katika nyumba ya mwanajeshi au ya polisi, kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na ndani yake mfumo wa Linux uliowekwa na kijana wa nyumba kwa kuwa hutolewa bure. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, naye alifuata desturi za mfumo mkongwe wa Unix uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Ni mfumo mvumilivu, nao huifaa mashine kuukuu. Kasoro yake nyumbani ni moja: programu zilizotungwa kwa ajili ya Windows aghalabu hazikubali kufanya kazi humo moja kwa moja.

Ndipo watu hukimbilia mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala waya wake yenyewe, inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji. Ile ya ndani huitwa mgeni. Mgeni hukatiwa sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski, akajiona kana kwamba nyumba yote ni yake. Windows huwekwa kwa mgeni huyo, na programu ya zamani hufunguka kama ilivyokuwa ikifunguka zamani. Diski nzima ya mgeni, pamoja na kila hati iliyomo, kwa hakika ni faili moja kubwa iliyowekwa katika diski ya mwenyeji. Jambo hilo la mwisho lishikwe vizuri, maana faida na hatari zote za mashine pepe zimo humo.

Fikra yenyewe si ya jana. Kampuni ya IBM iliifanyia kazi katika kituo chake cha Cambridge, Massachusetts, tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370, uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja kubwa, kila mmoja akidhani ana ya peke yake. Kwa kompyuta ndogo, kampuni ya VMware ilitoa programu ya namna hiyo mwaka 1999. VirtualBox, ambayo ndiyo itakayozungumzwa hapa kwa kuwa hupatikana bure, ilitungwa na kampuni ya Innotek ya Ujerumani na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2007. Sun Microsystems iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008, na tangu mwaka 2010 kazi yote imo mikononi mwa Oracle.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo cha akina mama wa kambini. Mweka hazina huandika hesabu katika programu ya zamani ya Windows, na Windows hiyo ni mgeni ndani ya kompyuta ya Linux. Miaka mitatu ya michango, mikopo na riba imo humo. Daftari la karatasi liliachwa tangu mwaka wa kwanza. Siku mbili kabla ya mgao, kompyuta inaomba kusasishwa, inaruhusiwa, inazimwa na kuwashwa tena, na kulipokucha mgeni haamki. Kwenye kioo linatokea tangazo la Kiingereza lisemalo kwamba kiendeshi cha keneli hakijawekwa, na pembeni yake namba -1908.

"Mama, tuiondoe mashine hii tuweke nyingine. Ni kazi ya nusu saa tu," kijana wa nyumba atasema.

"Na hesabu za wenzangu, mwanangu, zitakwenda wapi?" mama atauliza.

Swali la mama ndilo la kwanza kujibiwa. Fundi asiyeweza kulijibu asipewe kompyuta hiyo hata kwa dakika moja.

NAKALA KWANZA

Kuondoa programu ya VirtualBox ni jambo moja, na kuondoa mashine pepe ni jambo jingine kabisa. Programu ikiondolewa kwa amri za kawaida za Linux, wageni wake hubaki salama katika folda ya mwenye kompyuta iitwayo "VirtualBox VMs". Lakini mtu akiingia katika dirisha la VirtualBox na kuchagua kuiondoa mashine yenyewe, huulizwa swali lenye majibu mawili yanayokaribiana kwa sura: iondolewe katika orodha tu, au faili zake zote zifutwe. Jibu la pili hufuta diski ya mgeni. Mtu mwenye haraka, asiyesoma Kiingereza vizuri, hubonyeza lililo karibu na kidole, na hesabu za miaka mitatu hutoweka kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili. VirtualBox ifungwe kabisa, kisha ifunguliwe folda yenye jina la mgeni anayehusika. Ndani yake mtaonekana faili ndogo yenye mkia wa .vbox, ambayo ni maelezo ya mashine. Faili kubwa yenye mkia wa.vdi, ambayo ndiyo diski. Folda ya Logs. Na pengine folda ya Snapshots. Inakiliwe folda yote, si faili ya .vdi peke yake. Amri ya cp -a hufanya kazi hiyo vyema, ikipeleka nakala katika diski ya nje.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Flashi ndogo aghalabu huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia GB 4. Diski ya Windows hupita kiasi hicho siku ya kwanza tu. Nakala itaanza kwenda vizuri kisha itakatika njiani, na asiyetazama atadhani imekamilika. Diski ya nje iwe ya mtindo wa exFAT au ext4, na baada ya kunakili ukubwa wa faili ya asili na wa nakala ulinganishwe kwa amri ya ls -l. Mwenye subira ataendesha sha256sum juu ya faili zote mbili. Zikitoa mfuatano uleule wa herufi na tarakimu, nakala ni sahihi.

Nakala ikishapatikana, mkono unaweza kuwa mwepesi.

KITABU CHA MATUKIO

Katika kila kituo cha polisi kuna kitabu ambamo kila tukio huandikwa kwa saa yake, na afisa aingiaye zamu hukisoma kabla ya kutoa amri yoyote. Kompyuta nayo ina vitabu vya namna hiyo, na wanaotengeneza kwa kubahatisha ni wale wasiovifungua. Kitabu cha mgeni kimo katika folda ya Logs, jina lake VBox.log, vile vya siku zilizotangulia huitwa VBox.log.1, VBox.log.2 na kuendelea. Kitabu cha mwenyeji husomwa kwa amri ya sudo dmesg au journalctl -k.

Kurasa za VBox.log ni nyingi, na sehemu yake ya mwisho huweza kujaa takwimu zisizomhusu mwenye shida. Njia fupi ni kutafuta neno VERR_, maana kila kosa kubwa la VirtualBox huanza kwa herufi hizo. Kosa la kwanza kuandikwa ndilo la kutazamwa kuliko la mwisho. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. Jina la kosa liandikwe katika karatasi herufi kwa herufi. Anayemwambia fundi kwamba "imekataa" hajamwambia kitu.

Jambo jingine linawahusu hasa wanaovaa sare. Kitabu hicho hutaja njia za folda, ambamo jina la mtumiaji huonekana, pamoja na folda zilizoshirikishwa kati ya mwenyeji na mgeni. Kabla ya kumpelekea mtu asiyejulikana, mistari hiyo isomwe na majina yafunikwe.

KENELI MPYA, KIENDESHI CHA ZAMANI

Sasa turudi kwa namba -1908, ambayo ndiyo huwasumbua watumiaji wa Linux kuliko nyingine kila baada ya masasisho. Keneli ni kiini cha mfumo wa Linux. Ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kuzungumza na prosesa bila kizuizi. VirtualBox haiwezi kumwendesha mgeni bila ruhusa ya namna hiyo, kwa hiyo hupeleka kipande chake kikae ndani ya keneli. Kipande hicho ni moduli iitwayo vboxdrv. Tabu ni kwamba moduli hujengwa kwa kipimo cha keneli moja, kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja. Sasisho likileta keneli mpya, moduli ya jana haiingii, na ni lazima nyingine ijengwe.

Ujenzi huo kwa kawaida hufanyika wenyewe. Hushindikana pale panapokosekana mafaili yaitwayo vichwa vya keneli, ambayo ndiyo vipimo vya fundi. Mwenye kompyuta aanze kwa amri ya uname -r, itakayomwambia ni keneli gani inayotumika, kisha lsmod | grep vboxdrv. Amri hii ya pili isipojibu kitu, moduli haimo. Katika Debian na Ubuntu vichwa huletwa kwa amri ya sudo apt install linux-headers-$(uname -r). Baada ya hapo, aliyechukua VirtualBox kutoka kwa Oracle ataendesha sudo /sbin/vboxconfig. Aliyeichukua katika ghala la Ubuntu au Debian ataendesha sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms. Ujenzi ukifaulu, moduli huingizwa kwa sudo modprobe vboxdrv, na mgeni huamka.

Usipofaulu, ujenzi wa vboxconfig huacha sababu zake katika /var/log/vbox-setup.log. Aghalabu sababu ni kwamba keneli ni mpya kuliko VirtualBox yenyewe, na dawa ni kuleta toleo jipya la VirtualBox. Lakini kama mgao ni kesho na mtandao ni hafifu, iko njia ya dharura ambayo wengi hawaijui. Ubuntu haitupi keneli ya zamani mara tu ipatapo mpya, huiweka akiba. Kompyuta iwashwe upya huku kitufe cha Shift kikishikiliwa, au Esc kikibonyezwa katika mashine za UEFI, mpaka itokee orodha ya kuanzia. Katika mstari wa chaguo za ziada zitaonekana keneli zote zilizopo. Ichaguliwe ile ya juzi. Moduli yake bado ipo, mgeni ataamka kama kwamba hakuna kilichotokea, hesabu zitachapwa, na kazi ya kujenga moduli mpya itangoja siku yenye nafasi.

Huenda moduli ikajengwa vizuri na bado ikakataliwa kuingia, na mfumo ukasema kwamba ufunguo unaotakiwa haupo au umekataliwa. Huyo ni mlinzi wa lango. Kompyuta za miaka ya karibuni zina ulinzi uitwao Secure Boot, usioruhusu kitu kuingia katika keneli bila sahihi inayotambulikana. Moduli iliyojengwa nyumbani haina sahihi hiyo mpaka mwenye mashine asajili ufunguo wake mwenyewe. Amri ya mokutil --sb-state itaonyesha kama mlinzi yuko zamu. Katika Ubuntu ufunguo huwa katika /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, nao huombewa usajili kwa sudo mokutil --import ikifuatiwa na njia hiyo. Mfumo utadai neno la siri la kutumika mara moja. Kompyuta iwashwe upya, na hapo kitatokea kioo cha buluu kinachosubiri kwa sekunde chache tu. Mtu akiwa ameondoka kuchota maji, kioo hupita na kazi yote huanza upya. Abaki mbele ya mashine, abonyeze kitufe chochote, achague kusajili ufunguo, aandike lile neno la siri.

Wapo watakaoshauri mlinzi huyo aondolewe kabisa katika mipangilio ya BIOS. Inawezekana, na katika kompyuta ya nyumbani isiyo na siri si kosa kubwa. Lakini kama kompyuta hiyohiyo ina Windows nyingine iliyofungwa kwa BitLocker, badiliko hilo laweza kuifanya Windows idai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo atajikuta nje ya nyumba yake mwenyewe. Kusajili sahihi ni kazi ya dakika 5, nayo haina majuto.

BETRI NDOGO YA NDANI

Makosa ya namna nyingine hutoka chini zaidi, katika chuma chenyewe. Prosesa za Intel zilianza kupewa nguvu maalumu ya kubeba mashine pepe mwaka 2005, na za AMD mwaka 2006. VirtualBox za zamani ziliweza kumwendesha mgeni mdogo bila nguvu hiyo, lakini tangu toleo la 6.1 la Desemba 2019 haiwezekani tena. Nguvu hiyo huruhusiwa au kuzuiwa katika BIOS, na ikizuiwa, kitabu cha matukio huandika VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED kwa prosesa za Intel, au VERR_SVM_DISABLED kwa za AMD.

Mwenye kompyuta atashangaa, kwa kuwa jana ilikuwa ikifanya kazi na hakuna aliyegusa BIOS. Na atazame saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa kila baada ya kuchomolewa umeme, mhalifu amepatikana: ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, mara nyingi ya aina ya CR2032, ambayo imekwisha. Betri hiyo ndiyo hulinda saa, na katika mashine nyingi za zamani hulinda na mipangilio ya BIOS pia. Ikifa, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na katika mashine nyingi kiwanda huiacha nguvu ya mashine pepe ikiwa imezuiwa. Betri ibadilishwe, BIOS ifunguliwe, ruhusa itolewe, mabadiliko yahifadhiwe. Kisha kompyuta izimwe kabisa, si kuwashwa upya tu, kwani mashine nyingine hazipokei ruhusa hiyo mpaka zikose umeme kwa muda.

Kosa jirani na hilo huandikwa VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Maana yake ni kwamba nguvu imo na imeruhusiwa, ila inashikwa na mwingine. Linux ina mtambo wake wa mashine pepe uitwao KVM, ulioingizwa katika keneli mwaka 2007, na prosesa haikubali mabwana wawili kwa wakati mmoja. Zamani KVM ilishika nguvu hiyo pale tu ilipokuwa na mgeni wa kuendesha. Keneli ya 6.12, iliyotolewa Novemba 2024, ilibadili desturi: KVM ikaanza kuishika mara moduli yake inapoingizwa, hata kama haina kazi. Watumiaji wa VirtualBox waliosasisha keneli zao waliamka na kukuta wageni wao wamegoma, ingawa moduli ya vboxdrv ilikuwamo na sahihi yake ni safi. Dawa ya papo hapo ni sudo modprobe -r kvm_intel, au kvm_amd kwa mashine za AMD. Anayetaka dawa ya kudumu huongeza maneno kvm.enable_virt_at_load=0 katika mstari wa kuanzishia keneli.

FOLDA INAYODHANIWA KUWA TAKA

Hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa haitokani na kosa lolote la mashine. Hutokana na usafi.

VirtualBox humwezesha mtu kupiga picha ya hali ya mgeni, ili mambo yakiharibika aweze kurudi mpaka pale. Wengi hupiga picha moja siku ya kwanza, wakasahau. Wasichokijua ni kwamba tangu dakika hiyo faili kubwa ya .vdi haiandikwi tena. Hugandishwa, na kila kipya, yaani kila mchango na kila mkopo, huandikwa katika faili nyingine iliyomo ndani ya folda ya Snapshots. Miezi inapita. Diski ya mwenyeji inajaa. Mtu anayetafuta nafasi anaona folda yenye jina la Kiingereza lifananalo na mambo ya picha za zamani, imebeba GB 30, na karibu yake faili ya .vdi inayoonekana ndiyo diski halisi. Anaifuta folda. Kumbe amefuta kipya na kubakiza cha zamani: mgeni hakubali kuamka kwa kukosa kiungo, na hata akilazimishwa kutumia ile .vdi, hesabu zitaishia siku picha ilipopigwa.

Faili zilizomo katika folda hiyo hazifutwi kwa mkono hata siku moja. Nafasi ikitakiwa, mgeni azimwe, na picha iondolewe ndani ya VirtualBox yenyewe, ambayo kwa kufanya hivyo huyaunganisha ya zamani na mapya. Kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu na huhitaji nafasi ya ziada wakati inapoendelea, kwa hiyo isingojwe mpaka diski ijae pomoni. Wala kompyuta isizimwe katikati.

Diski ya mwenyeji ikijaa mgeni akiwa macho, VirtualBox humsimamisha palepale na kutoa tangazo. Kitabuni huandikwa VERR_DISK_FULL. Wengi huogopa wakamkatia umeme. Hilo ndilo kosa, maana aliyesimamishwa hajafa. Ipatikane nafasi kwanza upande wa mwenyeji: sudo apt clean huondoa masalia ya masasisho, sudo journalctl --vacuum-size=200M hupunguza vitabu vya zamani, na video za harusi zaweza kuhamia diski ya nje. Amri ya df -h ikionyesha nafasi imepatikana, mgeni aamriwe kuendelea, naye ataendelea na sentensi aliyoiacha. Ieleweke pia kwamba kufuta vitu ndani ya Windows ya mgeni hakupunguzi ukubwa wa faili yake kwa mwenyeji. Faili hiyo hupanuka yenyewe inapohitaji, lakini kusinyaa haijui mpaka ishurutishwe.

Yaliyobaki ni madogo. Flashi ikichomekwa na mgeni asiione, mwenye kompyuta hajaandikwa katika kundi la vboxusers. Sudo usermod -aG vboxusers ikifuatiwa na jina lake la kuingilia humwandika, ila ni lazima atoke katika mfumo na kuingia tena ndipo uanachama utambuliwe. Mgeni akiwa mzito kupita kiasi, huenda amegawiwa kumbukumbu nyingi mno hata mwenyeji akakosa pumzi. Kompyuta yenye GB 4 isimpe mgeni zaidi ya nusu. Kioo cha mgeni kikiwa kidogo na hakikubali kupanuliwa, viongezo vya mgeni havijawekwa, au ni vya toleo la zamani kuliko VirtualBox.

Na kama yote yameshindikana, ikabidi kompyuta ipelekwe kwa fundi wa mjini, iandaliwe karatasi moja. Iandikwe namba ya keneli kutoka uname -r, toleo la VirtualBox kutoka VBoxManage --version, jina la kosa kama lilivyo katika VBox.log, na jambo la mwisho lililofanywa kabla ya hitilafu, liwe ni sasisho, kukatika kwa umeme au kubadilishwa kwa kifaa. Juu kabisa ya karatasi hiyo, kwa herufi kubwa, iandikwe kwamba diski ya mgeni isifutwe. Diski ya nje yenye nakala ibaki nyumbani, kabatini, na mama mweka hazina ndiye ashike ufunguo.